Mashine Inayosikiliza Sikio

Pale Mnyuzi, nyumba ya Mbwana iko karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vinagongana kabatini. Wenyewe wameshazoea. Mbwana yuko shambani, mkewe Hamisa anafua, na Bibi Mashavu, mama yake Mbwana, anapepeta mchele. Mtoto Zamda, wa miezi tisa, analala kwenye mkeka sakafuni.

Mchana mmoja mtoto akafumbua macho ghafla. Akageuza uso upande wa reli, akatulia. Hapakuwa na sauti yoyote. Hata kuku walikuwa kimya. Hamisa na Bibi wakakaa hivyo, wakimtazama. Baadaye kidogo ndipo treni ikasikika kwa mbali.

"Umeona?" Bibi akanong'ona. "Amesikia kabla yetu. Kila siku ni hivi."

"Lakini mimi nikimwita hageuki, mama."

"Atageukaje? Anasemeshwa na wa zamani. Mizimu ikiongea na mtoto, usimwite katikati."

Bibi akamfunga mtoto kipande cha kaniki, kitambaa cheusi cha tambiko, mkononi. Akakataza jina lake kutajwa kwa sauti. Nyumba ikawa ya kunong'ona. Zamda naye akawa anawatazama midomo, mmoja mmoja, bila kupepesa. Mbwana akawa anakula amempa mgongo.

"Ananitisha," alimwambia mkewe.

Bibi akapanga tambiko. Alisema baada ya hapo mtoto ataachiwa azungumze na mizimu, asisumbuliwe mpaka aseme mwenyewe. Hata kama ni miaka.

Hamisa aliogopa kumpoteza mwanawe akiwa hai. Siku ya chanjo ya surua akaenda naye kituo cha afya. Bibi akafuata nyuma, hakutaka mtoto atoke machoni pake.

Nesi Asnath alimwamkia Bibi shikamoo, kisha akapiga makofi nyuma ya Zamda. Mtoto hakutikisika.

"Huyu anasikia kuliko wewe," Bibi akasema. "Treni anaijua kabla haijafika."

"Inapokuja, huwa amelala wapi?"

"Chini, kwenye mkeka."

"Na akiwa mgongoni kwa mama yake?"

Hamisa akakumbuka. Akiwa mgongoni hakuwahi kugeuka. Hata siku moja.

"Ardhi inatetemeka kabla sauti haijafika," nesi akasema taratibu. "Mwili wake unauhisi mtetemo. Masikio ni jambo lingine. Ngoja tuyaulize."

Akatoa mashine ndogo kama simu ya batani, ina waya na kizibo laini.

"Sikio zima, likipigiwa sauti ndogo, nalo hutoa sauti yake, kutoka ndani kabisa. Ni ndogo mno, wewe huisikii. Mashine inaisikia."

"Sikio liseme?" Bibi akasogeza kiti mbali. "Mie usinipime. Langu litatoa kikohozi tu."

Akapimwa Hamisa kwanza. Wote wakanyamaza. Kwenye kioo mistari ikainuka, mmoja baada ya mwingine. Hamisa akasisimka. Miaka yote hiyo kulikuwa na kitu kinajibu ndani ya kichwa chake, naye hajui.

Zamda alinyonya mpaka akalala, kwa maana kipimo hiki kinataka utulivu. Nesi akatazama kama sikio lina nta au usaha. Lilikuwa safi. Akaweka kizibo. Hakiumi, wala hakuna sindano.

Mistari haikuinuka. Sikio la pili, vilevile. Kimya.

"Hakuna mtu mle?" Bibi akauliza kwa sauti ndogo.

"Yumo, Bibi. Mlango ndio mzito. Kipimo hiki kinatushtua tu, hakimalizi. Tutarudia, halafu hospitali kubwa watapima kwa kipimo kingine. Lakini msingoje. Mtoto asiyepata maneno mapema, lugha inachelewa. Na msimtie mafuta sikioni."

"Na tambiko?" Hamisa akauliza, akimtazama mkwewe.

Bibi akagusa kaniki mkononi mwa mtoto. Mwishowe akasema, "Wa zamani wamesubiri siku zote. Watasubiri na hospitali."

Walirudia kipimo, wakaenda hospitali kubwa pamoja na Mbwana. Ikathibitika: Zamda anasikia kidogo sana, masikio yote mawili. Akapewa vifaa vya kumsaidia kusikia. Wazazi wakafundishwa kuzungumza naye uso kwa uso, na ishara za mikono pia.

Siku alipovalishwa vifaa, mtoto alikunja uso akalia. Mara akakatisha kilio. Akatazama mlangoni, akatazama chini ya kiti. Alikuwa anamtafuta aliyelia.

Mbwana akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akauweka kwenye kifua cha mtoto mwenyewe.

"Ni wewe, Zamda," akasema kwa sauti, jina zima. "Ni wewe, mwanangu."

Mtoto akamgeukia.