Nani Aliyekuwa Akinijibu?

"Pokea basi!" nilifoka, mguu bado juu ya cherehani.

Simu ikakatwa. Meseji ikaingia: *Siwezi kuongea mpenzi, tuko mstari wa mbele. Nakupenda. Mtoto anacheza tumboni?*

Mpenzi? Mchumba wangu hakuwahi kuniita hivyo. Kwake nilikuwa "Fundi", hata siku aliyonivisha pete. Vita vilimkuta kijana wa miaka ishirini na moja akiziba pancha za baiskeli, vikamfanya askari wa miguu. Na wiki nzima sasa alikuwa anaandika tu, simu hapokei. Nikajua kapata mwanamke huko.

Nikaandika: *Usipopokea sasa hivi, naivua pete.*

Nikapiga. Ikapokelewa.

"Shemeji..."

Haikuwa sauti yake.

"Wewe nani? Mwenye simu yuko wapi?"

"Mimi ni mwenzake wa kikosi. Tulikuwa handaki moja."

"Mpe simu."

Nikamsikia anavuta kamasi.

"Shemeji, hayupo. Tulimzika wiki iliyopita."

"Acha utani! Sasa hivi si kaniambia ananipenda?"

"Niliandika mimi. Nisamehe. Nilipigwa risasi ya paja, wenzetu wakarudi nyuma. Yeye akanifuata, akanibeba. Tulipokaribia handaki bomu likaanguka, likampata yeye. Akaniambia, 'Fundi asijue mpaka ajifungue.' Hakusema tena."

"Na mama yake?"

"Anajua, shemeji. Ndiye aliyeniomba niendelee kuandika."

Simu ikanidondoka. Nikaingia jikoni nimeshika tumbo. Mama mkwe, niliyekuwa nakaa kwake tangu vita vianze, alikuwa anamenya viazi huku anaimba, kama alivyoimba wiki yote.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

Kisu kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Unakula na mimi, unacheka na mimi, na mchumba wangu yuko ardhini! Una roho gani wewe?"

"Ulishawahi kutokwa na damu, mwanangu. Daktari alisema usishtuke. Ningewazika wangapi?"

"Ungeniambia! Ni wangu pia!"

"Ni wako," akasema. "Mimi nilikuwa nalilia bafuni. Nafungulia maji usinisikie."

Bado nilikuwa na hasira. Lakini nilimwona alivyokonda, nguo ikimpwaya mabegani, na mimi fundi mzima sikuwa nimegundua.

"Peke yako, mama? Wiki nzima?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikaketi sakafuni kando yake, nikamvuta kifuani. Hapo ndipo alipompigia mwanawe ukelele, nami nikaupokea, mpaka majirani wakaja kutugongea mlango.