Namba Arobaini na Moja, Nyekundu

Stuli ya jikoni haikuwa jikoni. Mama Subiri aliikuta kwenye korido ya nyumba yake, imewekwa ukutani mkabala na mlango wa chumba chake, mahali ambapo mtu angeiweka akitaka kukaa angoje. Alikuwa ametoka kazini, miguu imemvimba, hana hata nguvu ya kuuliza. Akairudisha. Alipomaliza chai yake, stuli ilikuwa kwenye korido tena, na safari hii kikalio chake kilikuwa kimelowa.

Jina hilo la Mama Subiri alipewa na wagonjwa. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali akigawa vibao vya namba, vyekundu vya asubuhi na vya bluu vya mchana, na neno lililomtoka kuliko mengine yote ni hilo. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa amechoka, na alichoka siku nyingi.

Mwaka uliopita mwanamke mmoja alifika saa tatu asubuhi, ameshika tumbo upande mmoja. Akapewa kibao chekundu, arobaini na moja. Mara tatu aliinuka kwenye benchi akaja dirishani.

"Nesi, namba yangu bado?"

"Bado, mama. Subiri."

Mara ya tatu Mama Subiri hakuinua hata uso. Saa nane mchana mwanamke akaanguka. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji, akafia mezani. Mama Subiri ndiye aliyemkunjua vidole akatoa kibao, na badala ya kukirudisha kwenye boksi akakitia mfukoni mwa sare, maana wekundu wake ungesema marehemu alikuja asubuhi. Jioni hiyo ukurasa wa daftari la mapokezi uliandikwa upya: amefika saa nane, amehudumiwa papo hapo. Mwandiko ulikuwa wa Mama Subiri.

Sasa mume wa marehemu, fundi viatu, alikuwa ameishtaki hospitali, na shahidi wa hospitali alikuwa yeye.

"Ni maneno matatu tu, mama," wakili wa hospitali alimwambia. "Alifika saa nane. Basi. Umebakiza miaka miwili ustaafu, usijitafutie makubwa."

Tangu siku hiyo nyumba ilianza kunuka dawa ya kuoshea vidonda, na chini ya harufu hiyo, damu. Mchana kweupe, jua limejaa dirishani na redio ya jirani inaimba, Mama Subiri alisikia mtu akihema kwenye korido, pumzi fupi fupi za mtu anayeuma meno asipige kelele, na kila alipochungulia hakuona kitu ila stuli na tone moja likidondoka kutoka kwenye ukingo wake, kisha akirudi kitandani, akijifunika kanga usoni kama mtoto, sauti ikimjia taratibu, kwa adabu, ikiuliza, "Nesi, namba yangu bado?"

Binti yake alikuwa amekuja kupumzika kwa mama, na mimba ya miezi miwili. Asubuhi moja alikaa kwenye stuli ile afunge viatu. Aliinuka ameshika ubavu.

"Mama, hapa. Panachoma."

Mama Subiri hakungoja kitu. Alimkokota binti hadi hospitali, akampitisha mbele ya benchi lililojaa watu, moja kwa moja kwa daktari, bila kibao. Watu wakamtazama, naye akaona aibu, lakini hakusimama. Daktari alipima na mashine. Mimba ilikuwa mahali pake, binti mzima. Walipovuka tu kizingiti cha nyumba, maumivu yakarudi.

Wakaenda kwa mganga, bibi mmoja aliyefanyia kazi zake nyuma ya duka la cherehani. Hakuchoma chochote. Alinusa mfuko wa sare aliyovaa Mama Subiri, akatoa kibao.

"Aliyekufa amepumzika," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini wa benchini. Kungoja ndiko chakula chake. Umembeba na hiki kibao, naye amekuja na sauti ya mwenye kibao."

"Mfukuze basi, bibi."

"Anayengoja hafukuzwi, anaitwa. Na umwite mbele za watu, hapo utakapoulizwa habari zake."

"Nikimwita, kazi sina."

"Usipomwita, pa kukaa ameshapaona." Mganga alimtupia jicho binti. "Uliyemngojesha ni huyo mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Mganga akamrudishia kibao. "Haya."

Mahakamani kulikuwa na joto, hakimu akijipepea na bahasha. Fundi viatu alikaa mbele, gundi imemkauka vidoleni.

"Marehemu alifika saa ngapi?" wakili aliuliza.

"Alifika saa…" Mama Subiri alianza, na harufu ile ikaingia kwa mlango, ikapita kati ya viti bila mtu kugeuka, na benchi la nyuma lisilokuwa na mtu likalia kama ilivyo kawaida ya benchi likikaliwa, na pumzi fupi fupi zikaanza, zikasogea, zikafika mbele ya kizimba zikasimama, halafu sauti ikauliza swali lake. Fundi viatu akainua kichwa ghafla. Alikuwa ameishi na sauti hiyo miaka tisa.

Mama Subiri alimwona akiitafuta kwa macho. Akatoa kibao mfukoni.

"Namba arobaini na moja, nyekundu!" aliita kwa sauti yake ya dirishani. "Ingia, mama. Zamu yako."

Harufu ikakatika. Ndipo akamgeukia hakimu. "Alifika saa tatu asubuhi. Aliniuliza mara tatu. Daftari nililiandika upya mimi."

Fundi viatu alilia bila kujificha. Wakili alikuwa anafunga mkoba.

Barua ya kusimamishwa kazi ilifika kesho yake. Lakini binti alilala vizuri, akala, akarudi kwa mumewe akicheka. Stuli ilikaa jikoni, kavu. Siku mbili nzima Mama Subiri alikaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akihisi wepesi aliousahau.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, aliona stuli haipo.

Korido ilikuwa imejaa. Hakuona mtu, ila alisikia wanavyobanana ukutani, vikohozi, kilio cha mtoto mchanga kikibembelezwa.

"Nesi," mwanamke alinong'ona, "tumesikia mmeanza kuita."

"Mimi kumi na saba, bluu."

"Mimi sitini na tatu. Nilikuja na mwanangu, ukaniambia nisubiri."

Nyuma yao wengine wakaanza kutaja zao, pole pole, kwa adabu, hadi mlango wa nje. Machozi yakamtoka Mama Subiri. Miaka ishirini na sita. Akajifuta uso, akavaa miwani, akavuta kiti hadi mlangoni mwa chumba.

"Haya," akasema. "Nani alitangulia?"