Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Yaliyomkuta jirani yetu Bhoke wa Kamunyonge yalianza Jumamosi asubuhi, na jua lake. Alitaka kwenda Butiama. Makumbusho ya kule anayajua, na anayekuelezea kitu anakijua. Lakini Matrida, mke wa mwanawe, mwenye kichanga cha miezi minne, alibinua midomo.

"Mama, Butiama si tulipelekwaga na shule? Bunda kuna maonyesho mapya. Watu wanapiga picha humo, kunapendeza!"

"Kwa hiyo unachagua kwa picha."

"Sasa nichague kwa nini?"

Wakaenda Bunda. Maonyesho yenyewe chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Mwenyewe, Stanislausi, tai imemkaba kama mbuzi wa mnadani. Mkuki wa kulindia ng'ombe kauandikia "wa vita". Shoka la kuni, nalo "la vita". Bhoke alicheka kwa pua.

Alikoma kucheka mbele ya kibuyu cha maziwa kinachong'aa.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kijijini Kiriba, mama. Mwenye nacho alifariki ananyonyesha. Walikiziba nyasi mdomoni wakakificha darini. Uchafu mtupu! Nimezing'oa, nikakisugua na sabuni."

Kwao Bhoke, kibuyu husafishwa kwa moshi. Na cha aliyekufa ananyonyesha huzibwa nyasi, hakifunguliwi, ili marehemu asitoke kumtafuta mwanawe. Mwanamume mzima, na tai shingoni, hajui hata hilo.

"Matrida, usichungulie."

Matrida alishachungulia. Akapiga na picha, mtoto mgongoni, meno yote nje.

Jioni ile maziwa yake yakakauka. Kabisa. Akanywa uji wa ulezi, akanywa mchuzi wa sato. Hata tone. Wakanunua maziwa ya kopo, mtoto akayatema.

Wakangoja alie kwa njaa. Hakulia.

Siku ya pili hakulia.

Siku ya tatu alikuwa amenenepa.

"Mama," Matrida alinong'ona, "huyu anakula wapi?"

Bhoke akamnusa mtoto mdomoni. Maziwa. Ya leo. Yananuka moshi.

Hakuaga. Alipanda gari la Bunda, akamkuta Stanislausi amekaa nje ya chumba chake, tai mfukoni.

"Kila nikiamka nakikuta kimejaa, mama. Namwaga. Kinajaa."

"Na umekibandikia karatasi ya 'Usiguse'! Nani alikigusa kama si wewe, bwege?"

Bhoke aling'oa nyasi kando ya barabara, akakiziba mwenyewe. Akamsimamia mpaka akapanda pikipiki kukirudisha Kiriba, amekipakata.

Aliporudi Kamunyonge, kilio alikisikia toka barabarani. Ndani, kanga ya Matrida ilikuwa imelowa maziwa kifuani.

"Yamerudi, mama! Lakini hanitaki."

Kweli. Mtoto alikuwa anamsukuma mama yake, ananyoosha mikono mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Alilia mpaka sauti ikakwama, ndipo njaa ikamshinda, akanyonya.

Matrida alipomgeuza upande wa pili, waliliona shavu.

Mistari. Myembamba, imepangana, kama ya mtoto aliyelala usingizi mrefu juu ya mkono uliovikwa nyaya za shaba mpaka kwenye kiwiko. Pale Kamunyonge hakuna mwanamke anayevaa hivyo; walivaa mabibi wa zamani.

Bhoke alipitisha kidole. Bado ilikuwa imebonyea.