Pawa Saplai Nzito

Rafiki yangu Faraji, fundi kompyuta hapa Mbeya, alijua wateja hupima pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kwa mkono: ikiwa nzito, basi ni nzima. Mjanja huyo akachukua ya bei chee, akaijazia saruji. Kulwa, mteja kutoka Chimala, aliinyanyua, akauliza, "Itabeba grafiksi kadi mpya, ile inayokula umeme mwingi?"

"Itabeba, kaka."

Kulwa akainunua, akaifunga kwenye kompyuta yake; ikawaka moto, akafia dukani kwake Chimala.

Jana mchana umeme ulikatika, ukungu ukalitia giza duka la Faraji. Akasikia feni inazunguka. Pawa saplai ile ilikuwa mezani kwake, imeungua, haina waya.

"Ipime, fundi," ikasema sauti ya Kulwa.

Akainyanyua. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

Hayo aliniandikia kwa simu. Nilipofika, mdomo wake ulikuwa umejaa saruji, imeshaanza kukauka.