Kopo la Mheshimiwa Haskell

Mtu akikwambia anaijua habari ya Bunge la Cutler's Ford, lililokuwa makao makuu ya jimbo letu, muulize siku hiyo alikuwa wapi. Mimi nilikuwa mlangoni, ufunguo shingoni, nikiwazuia waheshimiwa ishirini na watano wasitoroke. Niliona kwa macho yangu haya mawili, ambayo enzi hizo yaliweza kuhesabu kupe kwenye nyati aliye ng'ambo ya mto. Kwa hiyo kaa usikilize, na kama umetoka kula, pole yako.

Ilianza na kopo la mate.

Bunge lilikaa ghorofani, juu ya ghala la ngozi mbichi za nyati, kwa sababu jengo jingine pekee lenye jiko la chuma la kuotea moto lilikuwa baa, na baa ile ilijiheshimu. Waheshimiwa walitafuna tumbaku toka asubuhi, wakatema. Wengine walilenga makopo, wengine walilenga nchi nzima. Aliyemwaga makopo ni Keturah, mke wa mheshimiwa Lemuel Haskell, maana mbunge maskini mkewe hakai bure. Siku hiyo akainama chini ya kiti cha mumewe akakuta kopo limejaa mpaka ukingoni, zito, la kahawia, na bado lina uvuguvugu. Lemuel hakuwahi kutia tumbaku mdomoni maishani mwake. Halafu, Lemuel alikuwa maiti toka jana.

Ngoja nikueleze uchafu wao. Sheria kutoka Washington iliwapa siku arobaini za kikao, mwisho saa sita mchana ya siku ya arobaini. Kumi na wawili walitaka makao makuu yahamie Salt Bend, ambako Spika, Barnabas Crowe, alikuwa na kinamasi anachokikata viwanja. Kumi na watatu hawakutaka, na mbishi kuliko wote alikuwa Haskell, mtu aliyeweza kuikatalia hata mvua. Saa sita kasoro dakika tano, Spika akafanya wanavyofanya siku zote wakizidiwa: akanyanyua bakora, akaichomeka kwenye saa ya ukutani juu ya meza yake, timazi inayobembea ikakwama. Saa ikisimama, siku haijaisha. Siku haijaisha, hakuna kutoka.

Wakakaa ndani ya dakika tano hizo siku tatu. Haskell mapafu yakamshinda, akafia kitini. Wenzake wakamvalisha kofia, wakamfunga taya kwa skafu. Wa ndiyo na wa hapana, wote wakakubaliana hajafa. Kila upande ulikuwa na mipango yake na kiti kile.

Keturah akalibeba kopo mpaka mezani kwa Spika.

"Bwana Crowe, nipeni mume wangu nikamzike," akanong'ona. "Jiko linamharibu."

"Taratibu, mama. Mheshimiwa bado yuko kikaoni."

"Ananuka."

"Wote tunanuka, Bi Haskell. Siku ya tatu hii."

Wale waliosikia wakacheka kwa pua. Spika akautaja muswada wa kuhamia Salt Bend, akaomba wanaoafiki wanyooshe mikono. Keturah akageuka, akaona mkono wa mumewe unapanda. Hakuna aliyemgusa. Ulipanda polepole, kucha za buluu, ukasimama kama wa mtoto anayeomba ruhusa, kisha ukaanguka pajani. Wa hapana wakafoka, Spika akawaambia mkono ni mkono. Muswada ukapita hatua hiyo kwa kura moja, ikabaki kura ya mwisho.

Hapo sasa skafu ikaanza kucheza. Taya la Lemuel lilikuwa linatafuna, taratibu, kama ng'ombe, na harufu ikapanda kutoka kwenye mbao, si ya maiti tu bali ya ngozi mbichi na tumbaku iliyooza na kitu kitamu kitamu kinachokaba koo, na yule marehemu akainama akatema kwenye kopo tupu la jirani yake, akatema tena, kamba ndefu ya kahawia isiyokatika, na mkono ukapanda wenyewe kabla Spika hajauliza lolote, na sauti nzito iliyojaa maji, ambayo haikuwa ya Lemuel wala ya mtu yeyote mwenye mama, ikasema, "Ndiyo," na waheshimiwa wote wakajikuta wanatafuna pamoja naye, vinywa vimejaa, hawawezi kumeza, hawawezi kuacha, mate yanawatiririka ndevuni mpaka kwenye viatu.

"Ndiyo," likasema jini lililomwingia. "Ndiyo. Ndiyo."

Keturah akajua huyo siye Lemuel. Mumewe hakuwahi kulipenda neno hilo. Akapanda juu ya meza ya Spika na viatu vyake vyenye matope.

"Shuka, mama," Spika akamsihi, tope la tumbaku likimbubujika mdomoni. "Bado sijasaini. Dakika moja tu."

"Siku yake iliisha," Keturah akasema. "Na yenu imeisha."

Akachomoa bakora. Saa ikapiga hatua, tena, tena, na dakika tano zile zikapita ndefu kuliko siku tatu, huku yule kitini akisema ndiyo kwa kila mdundo. Ilipogonga saa sita, kikao kikafa, na ubunge wa Lemuel ukafa nacho. Skafu ikakatika. Kilichomtoka kinywani ni ndoo saba za mate, sipunguzi hata moja, zikapenya mbao zikazilowesha ngozi ghalani. Mkono ukashuka. Keturah akambeba mwenyewe begani hadi chini, akamzika kabla ya jua kuzama, na Salt Bend hadi leo ni kinamasi.

Kile kiti hakikaliwi. Kopo lililo chini yake hujaa kila kikao, na hukutwa lina uvuguvugu.

Sasa, kuna kitu kimoja nimekitunga. Mkono ule, mara ya kwanza, haukujiinua. Kulikuwa na uzi wa kuvulia samaki kifundoni, umepita juu ya boriti ukashuka mpaka mlangoni, na aliyeuvuta ni mimi, kwa chupa ya wiski ya Spika.

Mara ya pili, uzi ulikuwa mfukoni mwangu.