Nodari, Kibao na Wakwe wa Kiitaliano

Wakati wa baridi mizabibu ya Kakheti, kwetu Jojia, hulala, na wenye mizabibu hukaa karibu na jiko wakiwasumbua wake zao. Nodari hakuwa tofauti. Asubuhi alipasua kuni. Mchana alishuka kwenye chumba cha divai, akaikagua mitungi yake mikubwa iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Jioni alikaa jikoni akimfundisha mkewe, Lamara, namna ya kukanda unga wa mkate wa jibini, kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya hata siku moja.

"Mizabibu yote imelala," alisema Lamara. "Mdomo wako tu ndio uko macho."

Mdomo wa Nodari ulikuwa na sababu. Yeye alikuwa tamada, yaani msimamizi wa karamu, na kwetu karamu haiendi bila tamada. Ndiye anayeinua bilauri na kusema maneno: ya amani, ya wazazi, ya waliotangulia, ya watoto. Akimaliza humpa mgeni nafasi naye aseme lake. Tamada mzuri huchekesha meza, huiliza, kisha huichekesha tena kabla machozi hayajakauka. Nodari aliitwa hadi vijiji vya ng'ambo ya mto.

Binti yao, Tekle, alikuwa akifanya kazi Bari, huko Italia. Huko alipata mchumba, kijana aitwaye Ruggero. Wazazi wa Ruggero, Donato na Assunta, walikuwa waje Kakheti wakati wa mavuno ya zabibu, wakwe waonane kwa mara ya kwanza. Hawakujua neno la Kijojia. Nodari hakujua neno la Kiitaliano.

"Tekle atatafsiri," alisema Lamara.

"Kwenye meza yangu? Nitoe utani, kwanza acheke mwanangu, kisha atafsiri, halafu wageni ndio wacheke wakati mimi nimeshafika kwa marehemu?"

"Basi kariri maneno machache."

"Nikikariri nitasema. Donato akijibu je? Nimtazame kama kondoo aliyeona geti jipya? Hapana. Nitaongea naye mwenyewe, mdomo kwa mdomo. La sivyo mimi si tamada, ni mtu aliyeshika bilauri."

Tekle alipokuja nyumbani kwa Mwaka Mpya, alimletea baba yake zawadi. Ilikuwa kibao chembamba cha kielektroniki cha kusomea vitabu, chepesi kuliko sahani. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya Kiitaliano na kamusi.

"Baba, ukikutana na neno usilolijua, ligandamize kwa kidole. Maana yake inatokea papo hapo. Huna haja ya kufunua kamusi nyingine."

Tekle akarudi Bari. Nodari akavaa miwani, akachagua kitabu kinene kuliko vyote, historia ya wafalme wa Roma. Akagandamiza neno la kwanza. Dirisha dogo likafunguka. Lilikuwa limejaa Kiitaliano. Akachukua neno moja kutoka mle dirishani, akaligandamiza. Kikatokea Kiitaliano kingine.

"Lamara! Nimegonga mlango kuuliza njia, kafungua Mtaliano. Nimemwuliza huyo, kamwita kaka yake!"

Lamara alicheka hadi unga ukamwagika. Kisha akavaa koti akaenda kumwita jirani yao, Tsiala.

Tsiala alikuwa ameishi Italia miaka mingi akimtunza bibi kizee, kama walivyofanya wanawake wengi wa huku. Bibi alipolala, Tsiala alisoma kwenye kibao kama hicho. Alikwenda kule akijua kuomba mkate tu. Alirudi akiweza kubishana na daktari na kumshinda.

Akakishika kibao, akakipapasa mara mbili tatu. "Hakina kosa. Kamusi iliyomo ni ya Waitaliano wenyewe. Inaeleza Kiitaliano kwa Kiitaliano. Ni nzuri sana, lakini ni ya baadaye. Mtu anayeanza anahitaji kamusi ya lugha mbili."

"Kiitaliano na Kijojia?"

"Humu haimo. Vibao vingi huja na kamusi za lugha kubwa, sisi wadogo tunasahauliwa. Kirusi unakijua?"

"Nilikaa jeshi la Kisovieti miaka miwili, dada. Nilitukanwa kwa Kirusi asubuhi na jioni."

"Basi unakijua kuliko mwalimu."

Tsiala akafungua sehemu ya mipangilio, akatafuta kamusi ya Kiitaliano kwa Kirusi, akaipakua. Akaiweka iwe ndiyo inayofunguka kwanza. Akakuza na herufi, maana Nodari alikuwa akisoma pua ikigusa kioo.

"Mtandao tumeuhitaji kwa dakika hizi tu," alisema. "Kamusi ikishaingia, unasoma popote, hata chini kwenye mitungi yako."

Nodari akarudi kwa wafalme wa Roma kwa nguvu mpya. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Nodari alikuwa bado kwenye ukurasa wa pili. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka kichwani. Macho yalimwasha. Chakula kilipoa.

Jumapili moja alikisukumiza kibao chini ya mto wa kitanda.

"Basi," alisema. "Wakwe wakija, mimi nitaumwa jino. Binamu yangu Gurami atashika meza."

Lamara hakucheka. Mumewe aliwahi kuongoza karamu shavu likiwa limevimba kama boga, na hakumwachia mtu meza yake. Lamara akavaa tena koti, akaenda kwa Tsiala.

Tsiala alikuja, akaketi karibu na Nodari. "Nionyeshe unavyosoma."

Nodari akagandamiza neno la kwanza, akasoma maana. La pili, akasoma maana. La tatu.

"Ngoja, ngoja! Hilo si umelitazama mstari wa juu?"

"Nayatazama yote."

"Kwa nini?"

Nodari alilishangaa swali. "Dada, mimi ni tamada. Pembe ya kunywea divai ukishajaziwa, huiweki chini ikiwa na kitu. Unaimaliza hadi tone la mwisho. Sasa niruke neno la mtu aliyekaa akaliandika? Huko ni kumvunjia heshima!"

Tsiala alicheka hadi akashika ukuta. "Ewe Nodari! Yaani umekuwa ukikinywa kitabu! Aliyekiandika hayupo hapa, hakuoni. Sikiliza, kitabu si pembe, kitabu ni meza. Mezani unakula kila sahani?"

"Nakula ninachokipenda."

"Na unaondoka umeshiba?"

"Anashiba kupita kiasi," alidakia Lamara.

"Basi soma hivyo hivyo. Kwanza soma aya nzima hadi mwisho, mkono ukiwa mfukoni. Neno usilolijua, likisie kwa kuangalia majirani zake. Habari ikieleweka, pita, usigeuke nyuma. Lakini neno likikuziba njia, au likija na kurudi kama mgeni anayebisha hodi, hapo ligandamize."

"Nikikisia vibaya?"

"Sentensi inayofuata itakuumbua. Usiogope. Na ukilifungua neno, usinyakue maana ya kwanza ukakimbia. Neno moja huwa na maana kadhaa. Zisome zote, uchukue ile inayokaa vizuri kwenye sentensi yako."

Nodari alikuna kichwa. "Kumbe napita tu. Haya."

"Na hawa wafalme wako watoe. Ukurasa ambao nusu ya maneno huyajui si wa kusoma, ni ukuta wa kugongea kichwa. Tafuta kitabu ambacho kwenye mstari kinakukwamisha neno moja tu, au hata hilo halipo."

"Nisome habari za paka na sungura? Mtu mzima mimi?"

"Mtu mzima gani aliyezaliwa juzi kwa Kiitaliano? Anza na paka. Halafu utasoma jambo unalolijua hata usingizini. Wewe unajua nini?"

"Zabibu," alisema Nodari.

"Na kusema," aliongeza Lamara.

Tsiala akamtafutia hadithi fupi zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Akamwongezea na kijitabu cha wakulima wadogo wa zabibu, chenye picha. Nodari aliwasoma paka na sungura mlango ukiwa umefungwa. Aliwamaliza kabla ya kwaresima. Kisha akaingia kwenye kijitabu cha zabibu, na huko mambo yakabadilika. Kila alipofika kwenye neno geni alijiuliza: hapa mkulima angefanya nini? Angepogoa. Akagandamiza kuhakikisha. Ni kupogoa!

"Lamara! Nimelijua kabla halijafunguka!"

"Hongera. Sasa nenda ukapogoe kweli, mwezi wa tatu huu."

Kibao kiliyahifadhi maneno yote aliyoyafungua, naye aliyapitia asubuhi akisubiri kahawa ichemke. Lakini Tsiala alimwonya: "Kibao kinakufundisha macho. Ulimi hakiusikii. Soma kwa sauti, na kila Jumapili tukitoka kanisani uje tuongee."

Basi Nodari akasoma kwa sauti shambani. Majirani walidhani anaiombea mizabibu. Jumapili aliketi kwa Tsiala akamsimulia alichosoma, na Tsiala akamsahihisha bila huruma. Kiangazi kilipofika, alirudi mwenyewe kwenye ile kamusi ya Kiitaliano kwa Kiitaliano. Sasa yule Mtaliano wa mlangoni aliongea maneno ya kueleweka.

Mwisho wa Septemba wageni wakafika pamoja na Tekle na Ruggero. Assunta alikuwa mnene na mchangamfu. Donato alikuwa mfupi, mkulima wa zabibu na mizeituni, mwenye vidole kama mizizi. Meza ikatandikwa uani. Nyama ilichomwa kwa matawi makavu ya mzabibu. Nodari akasimama na bilauri yake. Lamara akafanya ishara ya msalaba chini ya meza.

Nodari akasema kwa Kiitaliano, polepole: "Nina binti mmoja. Kicheko chake leo ninawagawia ninyi. Hasira zake nimeshamwachia Ruggero."

Assunta alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Ruggero aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezipokea zamani. Nodari akaendelea: kwa amani, kwa wazazi, kwa waliotangulia. Sentensi zake zilikuwa fupi, lakini zilisimama kwa miguu yao. Kisha akampa Donato nafasi.

Donato akaongea mbio, kwa mdomo na mikono yote miwili. Maneno mengine yalimpita Nodari kama ndege. Hakuyakimbiza. Alisubiri sentensi imalizike, akashika habari: baba yake Donato, mzabibu uliopandwa siku baba huyo alipozaliwa, mwaka wa baridi kali. Neno moja tu lilimziba njia, nalo lilirudi tena na tena.

"Samahani, mkwe," akauliza. "Hilo neno ni nini?"

Donato akamweleza kwa Kiitaliano kile kile: ni pale unapochukua kitawi cha mzabibu wa zamani ukakiunganisha kwenye shina jipya, kikaishi. Mzabibu wa baba yake uliokaribia kufa kwa baridi uliokolewa hivyo.

Nodari akatazama meza. Tekle alikuwa ameketi kati ya Ruggero na Assunta. Tamada akafuta macho kwa kiganja, akasema kwa sauti nzito, "Basi na iwe hivyo kwa watoto wetu." Wakanywa.

Kesho yake, katikati ya kazi ya mavuno, makelele yakasikika kutoka chumba cha divai. Tekle akaangusha kikapu cha zabibu, akakimbia uani. Pale mlangoni akamkuta Tsiala ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Shangazi Tsiala, wanapigana?"

"Bado."

"Zabibu nyeupe hukamuliwa!" Donato alikuwa akifoka mle ndani kwa Kiitaliano. "Maganda unatupa! Dunia nzima wanatupa!"

"Dunia nzima inakosea!" alijibu Nodari kwa Kiitaliano. "Maganda yanaingia mtungini! Na mbegu! Yanalala humo hadi majira ya kuchipua! Wewe nani kakufundisha kutupa nguo za divai?"

"Divai haina nguo!"

"Yako ndiyo haina! Iko uchi, inatetemeka!"

Tekle akataka kuingia. "Niende nikawatafsirie, watakosana!"

Tsiala akamshika mkono wa gauni, akamketisha kando yake.

"Tulia hapa, mwanangu. Hawajakuita," alisema, akatega sikio vizuri. "Nimemfundisha huyu mtu tangu wakati wa theluji. Hebu niache nisikilize."