Kijiti cha Saa Kumi

Kila siku ya likizo, Nasambu akimaliza kuosha vyombo, kazi iliyofuata ilikuwa kuhamisha kiti cha Kukhu. Kukhu ni nyanya yake, mama ya babake, na wakati huo alikuwa anangoja kutolewa mtoto wa jicho. Jua kali lilimtoa machozi, lakini kushinda ndani ya nyumba alikataa kabisa.

"Ndani nitaongea na nani? Na kochi?" alikuwa anauliza.

Basi asubuhi kiti kilikaa kwenye veranda. Saa tano kikasogezwa nyuma ya jikoni. Saa nane kikapelekwa kwenye ukuta wa choo, na Kukhu akalalamika ati sasa amefanywa askari wa choo. Nasambu alicheka, akabeba kiti, wakahama tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, msichana wa maneno machache. Darasani hata akijua jibu alinyamaza mpaka mwingine aliseme. Kwa Kukhu tu ndipo mdomo wake ulipofunguka.

Jioni moja babake, Mwalimu Jotham, aliona kiti kikihamishwa mara ya nne.

"Hapana," akasema. "Tutajenga gazebo hapa nyuma ya nyumba. Mama akitoka hospitali akae mahali pamoja, apate hewa, macho yapumzike."

Gazebo ni kibanda cha kivuli kisicho na kuta. Pale Bungoma Nasambu alikuwa ameziona hotelini tu, kwa mbali, watu wakinywa soda chini yake. Alifurahi mpaka akakosa usingizi.

Wiki hiyo babake alimpeleka Kitale kwa Fundi Mukhisa. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, na mbele yake gazebo tatu zilikuwa zimesimama kama nyumba zilizoibiwa kuta. Ya kwanza ilikuwa ya vyuma vyembamba na turubai jeupe. Nasambu aliipenda mara moja.

"Hii ni maridadi," Baba akasema.

"Ni maridadi kwa harusi, mwalimu," Fundi Mukhisa akajibu. "Lakini ule upepo wenu wa kabla ya mvua ukiipata, mtaifuata mpaka Webuye."

Ya pili ilikuwa ya mabati. Fundi aligonga paa kwa kidole. "Hii mvua haiingii. Lakini saa saba mtu anaiva hapa chini kama hindi. Kwani nani atakaa?"

"Mama yangu. Anatolewa mtoto wa jicho hospitali ya Lugulu, wiki hii."

"Basi si uchukue ya nyasi, bana. Nyasi ni baridi, na zikifungwa vizuri hazivuji."

Wakakubaliana: nguzo za mti, paa la nyasi. Kisha fundi akachuchumaa, akachora duara mchangani.

"Sasa sikizeni. Watu wanafikiri gazebo ni paa tu. Saa saba jua liko juu, paa linatosha. Saa kumi jua limeshuka, linaingia kando, linamgonga mtu usoni. Wakati huo kinachosaidia ni mti. Mko na mti?"

"Tuko na avokado kubwa," Baba akasema.

"Vizuri. Nataka kujua kivuli chake kinalala wapi saa nne, saa saba na saa kumi. Hiyo ya saa kumi ndiyo itaniambia mahali pa kuchimba. Ningekuja mwenyewe nishinde huko, lakini nina kazi nyingine Kimilili. Nani atanisaidia?"

Baba aliweka mkono kwenye bega la Nasambu. "Huyu. Huyu akisema amefanya, amefanya."

Fundi alimpa vijiti vitatu, kila kimoja kimefungwa kitambaa. Cheupe cha saa nne, cha buluu cha saa saba, chekundu cha saa kumi.

Jumamosi wazazi wake walimpeleka Kukhu hospitalini Lugulu, na Nasambu akabaki peke yake. Saa nne kamili alichoma kijiti cheupe katikati ya kivuli. Saa saba akachoma cha buluu karibu na shina. Alijisikia kama fundi mwenyewe.

Saa nane, kichwa cha Nimo kikatokea juu ya ua. Nimo alikuwa jirani yao na walisoma darasa moja.

"Sasa, Nasambu! Unazika nini hapo?"

"Sizi... ni vijiti vya gazebo."

"Vijiti vitangoja. Kuja! Dada yangu Ladan anapakwa hina, ya harusi. Mama amesema nikuite."

Nasambu hakuwa mtu wa kuitwa mahali. Moyo ulimruka. Alijiambia ataangalia kidogo tu, arudi kabla ya saa kumi.

Nyumbani kwa kina Nimo kulikuwa na wanawake wengi, vicheko, na chai yenye viungo. Mama mmoja alikuwa anachora maua kwenye mikono ya Ladan. Alipomaliza, alimwona Nasambu amejibana mlangoni.

"Na huyu mrembo ni wa nani? Kuja, leta mikono."

Nasambu alinyoosha mikono. Hina ilikuwa baridi, na maua yalitambaa mpaka kwenye vidole. "Usishike kitu mpaka ikauke," yule mama akamwonya.

Ndipo adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikitini. Nasambu alijua maana yake: saa kumi ilikuwa imefika. Alitaka kusimama. Lakini wote wangemgeukia. Wangemuuliza anaenda wapi, na yeye angejibu nini? Ati anaenda kuchoma kijiti? Alibaki ameketi, mikono imeinuliwa, jua likiteremka.

Aliporudi nyumbani, mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. Hakukuwa na jua wala kivuli. Alisimama chini ya ule mti akijaribu kukumbuka kivuli chake kinalala wapi jioni. Alikuwa amekipita miaka yote bila kukiangalia. Mwishowe alichoma kijiti chekundu karibu na tangi la maji, kwa sababu pale palipendeza. Kisha mvua ikaanza.

Baba aliporudi kutoka hospitalini alitazama nje dirishani. "Ulipima zote tatu?"

"Ndiyo, Baba."

Maneno mawili tu. Yalitoka upesi, hata yeye akashangaa.

Gazebo ilijengwa kwa siku nne na ilikuwa nzuri kweli. Majirani walikuja kuiangalia. Mzee Wamalwa, mwenyekiti wa kanisa lao, aliizunguka mara mbili akasema Fundi Mukhisa atajenga nyingine kanisani, ya watoto wa Sunday school.

Kukhu alipotoka hospitali, alikalishwa chini yake akiwa na miwani myeusi. Asubuhi yote aliimba. Halafu akashika mkono wa Nasambu, akauvuta karibu na uso.

"Wewe! Maua haya yamepakwa lini? Miaka mitatu sijaona mkono wako vizuri. Leo naona mpaka majani yake."

Nasambu aliuondoa mkono polepole, akauficha chini ya sweta.

Ilipofika saa tisa na nusu, jua liliingia chini ya paa. Lilianza kwa miguu ya Kukhu, likapanda magotini, na saa kumi likamjaa usoni. Kukhu alijifunika leso. Hatua sita kutoka hapo, upande wa kamba ya nguo, kivuli cha avokado kilikuwa kimelala kikubwa na baridi, juu ya nyasi tupu.

"Nikuhamishie kiti, Kukhu?"

"Wacha. Baba yako amenijengea hapa. Nikihama atajisikia vibaya."

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Jicho likaanza kuwa jekundu. Siku ya nne Baba alirudi mapema, akamkuta mamake amekaa juani na leso usoni, na akakasirika kama hajawahi.

"Huyu fundi ametucheza! Mtu anajengewa kivuli, anapewa jua!" Jioni hiyo hiyo alimwambia Mzee Wamalwa watafute fundi mwingine wa kanisa. Nasambu alisikia kila neno akiwa jikoni.

Alhamisi Fundi Mukhisa alikuja kuchukua ngazi yake. Alikuwa ameshaambiwa na Mzee Wamalwa kwamba kazi ya kanisa haipo tena.

"Mwalimu, mimi nilifuata kijiti," akasema kwa upole. "Kijiti chekundu kilikuwa pale kwa tangi. Nilichimba pale."

"Usiniletee habari ya kijiti. Kijiti kiliwekwa na mtoto wangu, na mtoto wangu hadanganyi."

Nasambu alikuwa amesimama na ndoo. Masikio yalimwaka. Fundi alimtazama usoni, kisha akatazama mikono yake, ambako ile hina ilikuwa imeanza kufifia. Nasambu alingoja aseme. Fundi aliweka ngazi begani, akasema, "Haya, mwalimu. Mungu awabariki," akaondoka.

Afadhali angemtukana. Nasambu aliteka maji ndoo ikajaa, ikamwagika, na yeye hakuona.

Baadaye adhana ya alasiri ikalia, ile ile. Alimwona Kukhu akiinua leso, akijipangusa jicho kwa ncha yake, akitabasamu peke yake ili mtu asijue. Nasambu aliingia ndani. Baba alikuwa mezani, anasahihisha madaftari.

"Baba." Kalamu iliendelea kuandika. Akajaribu tena. "Baba, kile kijiti chekundu... sikupima. Nilikuwa kwa kina Nimo, napakwa hina. Niliporudi hakukuwa na jua. Nikakiweka tu."

Kalamu ilisimama. Baba hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alivua miwani akajisugua macho.

"Kwa hivyo nimemwita mtu mwongo ndani ya boma langu," akasema, "na mwongo alikuwa amesimama hapo na ndoo."

Nasambu alilia.

"Lia, lakini hiyo haitamrudishia fundi kazi. Utasema mwenyewe, kwa Mzee Wamalwa na kwa fundi. Nitasimama kando yako, kwa sababu na mimi nina langu la kuomba msamaha. Lakini mdomo ni wako."

Jumapili baada ya ibada, walimkuta Mzee Wamalwa mbele ya kanisa na wazee wengine watatu. Nasambu alisema akiangalia viatu vyake.

"Sauti, mtoto wangu," Mzee Wamalwa akasema, akiinamisha sikio. "Hili sikio ni la zamani."

Ikabidi arudie kwa nguvu. "Nilidanganya! Fundi hakukosea! Ni mimi sikupima kivuli!" Watu waliokuwa wanasalimiana wakageuka wote. Emmy wa darasa lao akafunika mdomo. Nasambu alitamani ardhi impokee. Lakini alipomaliza, alishangaa kwamba bado amesimama.

Kesho yake wakaenda Kitale. Fundi Mukhisa alikuwa anapiga randa mbao. Alisikiliza mpaka mwisho, maneno ya Nasambu kwanza, kisha ya Baba.

"Nilishuku," akasema. "Mahali pa kivuli nyasi huwa hafifu. Pale kwa tangi zilikuwa zimenona. Lakini nilikuwa na haraka ya Kimilili, nikajiambia kijiti ni kijiti. Kwa hivyo kosa ni lako, msichana, lakini kipande ni changu."

"Mbona hukuniambia?" Baba akauliza.

"Ningekwambia nini, mwalimu? Ati mtoto wako amekuongopea, mbele yake? Ungemwamini nani?" Alipuliza vumbi la mbao. "Hilo neno lilikuwa lake kulisema. Sasa twende tuondoe jua kwa macho ya mama."

Kuhamisha nguzo kusingewezekana bila kubomoa. Fundi alisema atatundika mikeka ya mafunjo upande jua linapoingia, ya kukunja na kukunjua. Lakini alitaka kujua iwe na upana gani. Akampa Nasambu vijiti tena. Safari hii vilikuwa saba.

Jumamosi hiyo Nasambu hakutoka kwenye gazebo kuanzia saa tisa mpaka jua lilipozama. Kila nusu saa alichoma kijiti pale jua lilipofika sakafuni. Nimo alikuja akakaa naye, akileta mahamri kwenye sahani.

"Si ungeniambia siku ile ulikuwa na kazi?" Nimo akasema. "Tungekupaka mkono mmoja, uende, urudi. Ladan mwenyewe alitoka mara mbili kuangalia nyama isiungue."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini, bana? Ya kijiti?"

Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Nasambu alisimama kwenda kuchoma kijiti cha tano.

Mikeka ilitundikwa Jumatano. Saa kumi jua lilikuja, likagonga mafunjo, likabaki nje. Kukhu alivua leso kichwani, na baada ya siku chache wekundu wa jicho ukaisha. Mzee Wamalwa naye akatuma salamu: Fundi Mukhisa aanze ile kazi ya kanisa, na anauliza kama yule msichana wa vijiti atapatikana.

Nasambu alimtazama babake.

"Ataenda," Baba akasema. Kisha akamkalisha kando yake kwenye gazebo. "Sikiza, mwanangu. Siku ile ungeniambia, 'Baba, sikupima,' ungeona aibu dakika moja, na ungepima kesho yake. Wewe ukaikimbia hiyo dakika. Fundi akakosa kazi, Kukhu akakaa juani, na mimi nikamkosea mtu mzima heshima. Aibu uliyoikwepa ilibebwa na wengine. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hiyo hatutakuchekea hapa nyumbani."

"Ndiyo, Baba," Nasambu akasema. Yalikuwa maneno mawili yale yale, lakini safari hii aliyasema polepole.

Akainuka, akashika kiti cha Kukhu kwa mazoea ili akisogeze.

"We! Unanipeleka wapi tena?" Kukhu akauliza.

Nasambu alitazama jua, akatazama mkeka, akatazama sakafu. Kisha akakiachilia kiti.

"Hakuna mahali, Kukhu. Kaa hapo hapo."